Wimbo Nilioupeleka Ureno

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini nilichaguliwa mimi. Nafundisha Kireno na muziki katika shule ya msingi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na huo muziki wenyewe, nikisema kweli, ni kuimba tu. Hatuna kinanda wala gitaa. Tuna makofi, na ngoma moja ya ngozi ambayo mvua ikinyesha hulegea ikatoa sauti ya ndoo. Tuliporudi kutoka mji wa Pemba, Pemba hii yetu ya Msumbiji, tulikokuwa tumekimbilia wakati wa vita, watoto wengi wa darasa langu hawakujulikana walipo, na wale waliorudi hawakutaka kuzungumza. Kuimba walitaka. Basi tukawa tunaimba asubuhi kabla ya hesabu, na mchana kabla ya kwenda nyumbani. Mgeni mmoja aliyekuja kukagua shule akaturekodi kwa simu yake, video ikaenda ilikoenda, na baada ya miezi kadhaa nikaitwa ofisi ya elimu ya wilaya. Nikaambiwa kuna mpango wa kubadilishana walimu wa muziki na waongozaji wa kwaya baina ya nchi. Mimi nitakwenda Ureno kwa wiki kadhaa, na mwaka unaofuata mwenyeji wangu wa huko atakuja kwetu.

"Lakini mimi si mwongozaji wa kwaya," nikasema.

Yule bwana wa ofisini akanitazama. "Watoto wanapoimba, wewe unafanya nini?"

"Naimba nao."

"Basi si ndiyo hiyo?" akasema, akanisogezea kalamu nitie saini.

Mama yangu, ninayeishi naye, alipokea habari kwa namna yake. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa.

"Wanakuita ukawafundishe, au ukafundishwe?"

"Yote mawili, mama."

"Na ukifika, watajuaje lini ni zamu ya nani?"

Nilidhani jibu nitalipata huko huko.

Mwenyeji wangu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, nywele fupi zenye mvi, mwalimu wa muziki na mwongozaji wa kwaya ya mji mdogo kaskazini mwa Ureno. Mji ule ni wa mawe: nyumba za mawe, barabara za mawe, kuta za mashamba za mawe, na juu yake mvua nyembamba isiyokuwa na haraka ya kwisha. Alinipokea kituoni kwa kunikumbatia, akaniita "colega", yaani mwenzangu wa kazi, akaanza kusema. Hapo ndipo nilipopatwa na mshangao wa kwanza. Mimi Kireno nakifundisha. Kimenilisha. Lakini Kireno chao wanakimeza, wanakata neno katikati wakalitupa, na wewe unabaki umeshika nusu. Njia nzima kwenye gari lake niliitikia "ndiyo, ndiyo", na tulipofika nyumbani kwake nikagundua kwamba nimekubali kuongoza mazoezi ya kwaya jioni ile ile.

Walifanyia mazoezi kwenye ukumbi ulio juu ya kituo cha zimamoto. Walikuwa watu wazima, wanaume kwa wanawake: muuza mikate, mwalimu mstaafu, muuguzi kijana, mafundi, mabibi wawili waliokuwa wakigombana juu ya dirisha lifungwe au liachwe wazi. Kabla ya kuimba walianza kupiga miayo ya makusudi. Wakatikisa mikono kama waliochomwa na maji ya moto. Wakatetemesha midomo brrr kama watoto wanaocheza gari. Kisha wakageukiana na kuanza kukandana mabega, na mzee mmoja mwenye masharubu akanijia kwa upole kabisa, mikono mbele, anikande mimi. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Mwenyeji wangu akamwambia kitu, mzee akaomba radhi, uso umemwiva, na mimi nikaona haya kuliko yeye, maana sikujua kama nimemkosea.

Halafu nikaambiwa nisimame mbele.

Nilisimama. Wao walikuwa nusu duara, macho yote kwangu, kimya. Nikawafundisha wimbo mfupi wa watoto wangu wa shule, wa kuitana na kuitikiana, wakaushika upesi. Sasa nilikuwa nangoja waanze. Wao walikuwa wananingoja mimi. Nikatabasamu. Wakatabasamu. Mtandio wangu ulikuwa umeteleza nyuma, nikainua mkono nijitengeneze, na kwaya nzima ikalipuka kuimba.

Nilishtuka nikaushusha mkono haraka. Wakanyamaza, wote kwa pamoja.

"Safi sana!" mwenyeji wangu akasema kutoka pembeni. "Umeona wanavyokufuata?"

Nililala usiku ule nikijiuliza kama alikuwa ananitania. Sikumjua vya kutosha kuweza kusema.

Siku zilizofuata alinifundisha mikono: mkono wa kupiga mwendo, mkono wa kuomba sauti zaidi, namna ya kufunga sauti kwa vidole viwili kana kwamba unaokota punje. Nilijifunza kwa bidii, mbele ya kioo cha chumbani kwangu. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Lakini kila niliposimama mbele ya wale watu kimya, nilijiona kama askari wa barabarani. Kwetu anayeongoza wimbo yumo ndani ya wimbo. Anautupa, wenzake wanaudaka. Ukimtoa akasimama nje, akinyamaza, akipunga mikono, atakuwa anaongoza nini? Nilimuuliza mwenyeji wangu.

"Ukimya," akasema. Alilisema kwa uzito, nikaitikia kwa uzito, na sijalielewa hadi leo.

Wiki ya pili akaniomba wimbo wa kwetu hasa, si wa watoto. "Kitu ulichokulia nacho," akasema. Sikuhitaji kufikiri. Nilikuwa na wimbo mmoja tangu utotoni, wimbo wa harusi.

Nieleze nilivyoupata. Nilikuwa mdogo sana, umri ambao mtu hubaki na vipande tu. Nakumbuka nimesimama uani, nimeshika nguo ya shangazi. Mlango wa chumba umefungwa. Wanawake wengi wamejaa, wale wa upande wa bibi yangu waliotoka kisiwani Macaloe, wanapiga makofi na kuimba kwa mlango ule, kama wanaubembeleza. Kisha mlango unafunguka, na anatoka mwanamke mwenye kitenge kipya, uso wake umepakwa msiro, ule urembo mweupe unaosagwa kwa mti, anafumba macho kwa mwanga. Vigelegele. Nasikia harufu ya udi. Mtu ananiwekea kitumbua mkononi. Basi. Nilimwita yule mwanamke bibi harusi, na wimbo ule nikauita wimbo wa bibi harusi. Baadaye nilikuwa nikimsikia mama akiuimba kwa chini chini akiwa jikoni, anakuna nazi, na ndivyo nilivyoujua wote. Mahali pengine sikuusikia tena. Ndugu wa kisiwani walitawanyika, na mimi nikapelekwa kusoma Pemba.

Kwaya iliupenda. Ulikuwa wimbo mwepesi kushikika, maneno machache yanayorudiwa: fungua, toka, jua liko nje. Mwenyeji wangu alikaa na karatasi ya nota anayaandika ninayoimba.

"Hapa," akasema, "hii sauti iko juu, au chini yake kidogo?"

Nikaimba tena.

"Sasa umeimba tofauti."

"Kweli?"

"Ndiyo. Ipi sahihi?"

"Zote mbili."

Akaiweka penseli chini, akanitazama kwa muda. Halafu akaichukua tena, akaandika moja tu. Sikuuliza ipi.

Kulikuwa na neno moja katika wimbo ule nisilolijua maana yake. Si Kiswahili cha siku hizi, si Kimakua, labda ni Kimwani cha zamani. Yule mwalimu mstaafu aliniuliza maana yake, nikamwambia sijui. Akashangaa sana. "Unaimba neno usilolijua?" Nikamuuliza yale maneno ya Kilatini wanayoyaimba wao kanisani, wote wanayajua? Akacheka, lakini akaniachia mashaka. Nikasema nitamuuliza mama.

Siku hiyo hiyo yule muuguzi kijana alinifuata kwenye ngazi. Alikuwa anaolewa. Harusi ilikuwa karibu, na kwaya nzima itaimba.

"Wimbo wako," akasema, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, "nataka niimbiwe nikitoka kanisani. Pale mlangoni. Unaruhusu?"

Niliruhusu kwa furaha. Niliona safari yangu imepata maana. Nilikwenda kulala nikiwaza jinsi nitakavyomhadithia mama.

Kumpata mama kwa simu lilikuwa jambo la bahati, maana mtandao wa kwetu unakuja na kuondoka. Nilimtumia sauti ya kwaya ikiimba, nikamuuliza maana ya lile neno, nikamwambia habari ya bibi harusi. Majibu yake yalikuja ovyo ovyo, la mwisho mbele. La kwanza kufika lilisema: "Mwambie asubiri, nitakupigia." La pili lilikuwa kicheko tu, kisha akakohoa. La tatu: "Nani kakuambia ni wimbo wa harusi?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la mikate, mwavuli mkononi, simu ilipolia.

"Mwanangu," akasema, "huo ni wimbo wa kumtoa mjane eda."

Nikaufunga mwavuli bila kujua.

"Unanisikia? Anapomaliza miezi yake minne na siku kumi. Ameoga, amevaa, watu wanakuja kumwimbia atoke nje. Hilo neno unalouliza, watu wa kisiwani ndivyo walivyokuwa wakiita ile nguo ya eda. Wanamwambia aiache humo ndani. Sasa nyinyi mnamwimbia msichana anayeolewa? Mume hata hajamzoea, mshamzika?"

"Mama, mimi niliona. Nilikuwepo. Bibi harusi alitoka na msiro usoni, na kitenge kipya. Kulikuwa na vitumbua."

Nikadhani simu imekatika.

"Mama?"

"Huyo bibi harusi wako alikuwa mimi," akasema. "Siku ile nilikuwa natolewa eda ya baba yako."

Kisha ikakatika kweli.

Baba yangu alikufa kwa homa nikiwa sijatimiza miaka mitano. Hilo nalijua, nimelijua siku zote. Picha yake ninayo. Lakini kifo chake nilikuwa nimekiweka mahali pamoja, na ule mlango na makofi na kitumbua nilikuwa nimeviweka mahali pengine kabisa, na katika maisha yangu yote hakuna aliyenionyesha kwamba ni nyumba moja. Nilisimama pale kwenye mvua. Muuza mikate, ambaye ni sauti nzito ya kwaya, akatoka nje kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia nataka mkate. Nilinunua mkate ambao sikuuhitaji, nikaenda nao nyumbani, na njiani nikajaribu kumkumbuka yule mwanamke mlangoni awe na sura ya mama. Alikataa. Alibaki bibi harusi, macho yamefumbwa, hana jina.

Nilimweleza mwenyeji wangu asubuhi, jikoni kwake. Nilieleza vibaya. Kireno changu kizuri kilinikimbia.

"Kwa hiyo ni wimbo wa msiba?" akauliza.

"Hapana. Ni wa furaha."

"Wimbo wa furaha, kwa mjane."

"Ndiyo. Lakini furaha ya... hapana, si furaha. Watu wanafurahi. Yeye sijui."

"Yeye anafanya nini?"

"Anatoka nje."

Akanimiminia kahawa. Nilimwona anahangaika kutaka kunisaidia. "Na wewe," akasema, "sasa unataka tuufanyeje? Polepole zaidi?"

Hapo nilishindwa kujizuia nikacheka, halafu kicheko kikageuka kuwa kingine, na mwenyeji wangu akaacha kikombe chake akaja kunishika bega, na safari hii sikurudi nyuma.

Bibi harusi ilibidi aambiwe. Tulimwita kabla ya mazoezi, tukakaa watatu kwenye viti vya plastiki chini, karibu na magari mekundu ya zimamoto. Nilimwambia kila kitu kwa utaratibu, nikaomba radhi, nikasema ninao wimbo mwingine, huu uachwe. Alisikiliza mdomo wazi. Nilitazamia alie, au akasirike, na vyote viwili nilikuwa nimejiandaa navyo.

"Bibi yangu," akasema.

"Bibi yako amefanya nini?"

"Bibi yangu amevaa nyeusi tangu kabla sijazaliwa. Juu mpaka chini. Babu alikufa, akavaa nyeusi, hajaivua. Hata baharini. Hata kwenye picha zote za kipaimara changu." Akamgeukia mwenyeji wangu, si mimi. "Tumwimbie yeye."

Nikasema hapana. Nikasema hivyo sivyo, kwetu kuna muda uliowekwa, kuna kuoga, kuna wanawake wa kufanya kazi ile, si kitu cha kumfanyia mtu ghafla mlangoni pa kanisa. Nikasema sijui hata kama inafaa. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kunitazama wakingoja niseme ruhusa. Nikampigia mama palepale, na safari hii akapatikana mara moja.

"Huyo bibi ni mjane kweli?" akauliza.

"Ndiyo, wa miaka mingi sana."

"Na bado kavaa?"

"Bado."

"Masikini," mama akasema. "Ni wapi mnamwimbia? Ndani ya kanisa?"

"Nje. Mlangoni."

Akafikiri. "Nje ni nje," akasema. "Lakini mimi simo. Mkiharibu, mmeharibu nyinyi."

Niliwatafsiria: "Anasema sawa." Sijui kama ndivyo alivyosema.

Siku ya harusi mvua ilisimama. Niliketi kiti cha mwisho kanisani, karibu na mlango, nikawasikiliza wakiimba nyimbo zao, nzuri sana, sauti nne zikipanda kwenye mawe. Maharusi walipotoka nje, watu wakarusha mchele, na mimi niliyeona watu wakigombea kilo ya mchele Pemba nilitazama pembeni. Kisha bibi harusi, na gauni lake refu, akaenda kumshika mkono bibi yake, akamweka pale juu ya ngazi. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mkavu, shungi jeusi, sweta jeusi, sketi nyeusi, soksi nyeusi, mkoba mweusi. Kwaya ikamzunguka. Mwenyeji wangu akanitazama, akashusha mikono yake kando, akaniashiria kwa kidevu. Hakusimama mbele. Hakuna aliyesimama mbele.

Basi nikautupa. Nikaanza kwa sauti yangu, na wao wakaudaka, wakipiga makofi kama nilivyowafundisha, na baadhi wakikosea. Fungua, toka, jua liko nje. Mabibi wale wawili wa dirisha walikuwa wanalia tayari. Mimi nilikuwa namtazama yule bibi, na nilipofika kwenye neno lile la nguo ya eda sikulitamka, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nalijua. Walioimba ni wao.

Bibi hakusogea. Aliushika mkoba wake kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Wimbo ulipokwisha, mjukuu wake akamweleza sikioni, kwa muda mrefu. Bibi akanitafuta kwa macho.

"Ni wewe uliyeleta haya?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwenu mjane anakaa muda gani?"

"Miezi minne na siku kumi."

"Na nani anayehesabu?"

"Watu wote," nikasema. "Jamaa. Majirani."

Alilifikiria hilo. "Mimi hakuna aliyenihesabia," akasema.

Hakukasirika, au alikasirika, sikuweza kuona. Aligeuka akamwuliza mjukuu wake chakula kitaanza saa ngapi. Kwenye karamu alikula vizuri, nilimwona, akamkemea mhudumu kwa ajili ya supu iliyopoa, na alicheza mara moja na bwana harusi, katika nguo zake nyeusi zote.

Siku mbili kabla sijaondoka, mwenyeji wangu alirudi nyumbani na mfuko. Ndani yake kulikuwa na shungi jeusi la sufu, limekunjwa, linanuka dawa ya nondo ya kabatini na sabuni. Bibi ameniletea.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema huna nguo ya baridi."

"Basi?"

"Basi."

"Kwa hiyo amelivua?"

Mwenyeji wangu akainua mabega. "Anayo mengi," akasema.

Nililivaa kwenye ndege. Lilinipa joto kweli.

Nilipofika nyumbani, mama alinipokea mlangoni, akaliona shungi mabegani mwangu, na rangi ikamtoka. "Nani kafa?" Nilimtuliza, nikamhadithia yote, kuanzia mtandio na kwaya iliyolipuka, mpaka bibi na supu. Alicheka mahali ambapo sikutegemea, na penye kuchekesha alinyamaza. Kisha nikamuuliza nililotaka kumuuliza tangu siku ile ya mkate.

"Mama, siku ulipotoka, uliona nini? Ulijisikiaje?"

"Nilikuwa na njaa," akasema. "Walikuwa wamepika tangu alfajiri, nasikia harufu, na wao wanaimba hawamalizi. Nilisema moyoni, fungueni basi."

"Lakini ulifurahi?"

"Nilikuona wewe umeshika kitumbua," akasema. "Nikasema, huyu keshakula." Akainuka akaenda kuangalia sufuria yake. Sikujua kama nimejibiwa.

Mwaka uliofuata mwenyeji wangu akaja. Ilichukua vibali vingi na barua nyingi za usalama, na mpaka ndege ndogo ilipotua sikuamini. Alikaa kwangu. Shuleni watoto walimpenda. Waliposimama wakimngoja aimbe, yeye akawa anawangoja wao watazame mkono wake, na kwa muda mrefu hapakutokea kitu, hadi mmoja akaanza kwa kuchoka na wengine wakamfuata. Alicheka mpaka akaketi chini.

Lakini alichokuja nacho rohoni ulikuwa ule wimbo. Alitaka kuusikia kwa wenyewe, kwa mama na wanawake wenzake, na kifaa chake cha kurekodia kilikuwa tayari. Mama aliwaita wenzake, wakaja, wakavaa sare, wakamwimbia nyimbo za kila namna, mchana kutwa. Ule mmoja hawakuimba. Mwenyeji wangu aliniomba niombe tena. Nikaomba.

"Mwambie," mama akasema, "nani yumo ndani?"

"Hakuna mtu, mama. Anataka kusikia tu."

"Hatuwezi kumtoa mtu asiyekuwemo."

Nikatafsiri. Mwenyeji wangu akafikiri, akasema kwamba kwaya yake imekuwa ikiuimba tangu nilipoondoka, wameuimba kwenye harusi mbili tena, watu wanauomba. Je, wanafanya vibaya? Nilitafsiri na hilo. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema ni vibaya, mwingine akasema huko ni huko, wa tatu akauliza kama maharusi wenyewe wako salama. Wako salama, mwenyeji wangu akasema, yule muuguzi ana mtoto. Mama akauliza habari ya bibi.

"Bado amevaa nyeusi," mwenyeji wangu akasema. "Lakini sasa anakuja mazoezini kila wiki. Anakaa karibu na mlango. Haimbi. Anatuambia tulipokosea."

Mama alipotafsiriwa hilo alifurahi sana, akapiga goti lake kwa kofi, akasema yule ni mtu. Sikuelewa ni kipi kilichomfurahisha. Lakini alimwita mwenyeji wangu akae karibu naye mkekani, akamshika mikono yake ile ya kuongozea, akaanza kumfundisha wimbo mwingine, wa kukuna nazi, wa maneno mepesi, akimrudisha nyuma kila alipokosea. Mimi nilikaa kati yao natafsiri, mpaka nikaona hawanihitaji, nikaenda kupika chai.

Lile swali la harusi hakuna aliyelijibu. Mwenyeji wangu hunikumbusha kila anapoandika: waendelee, au waache? Nimemwambia nitamuuliza mama vizuri, siku nzuri. Mama naye, nikimgusia, huniuliza mimi ninaonaje, kwa kuwa mimi ndiye profesora, yaani mwalimu, ndiye niliyesoma muziki Ureno.

Mwezi uliopita jirani yetu alimaliza eda. Mumewe alikufa Pemba, mbali na watu wake. Mama aliniita niende nao, na nikaenda, nikasimama uani na wanawake, mbele ya mlango uliofungwa, nikapiga makofi. Yule jirani alipotoka, amefumba macho kwa mwanga, mtoto wake mdogo alinivuta nguo akaniuliza nani anaolewa. Nilifungua mdomo nimjibu. Wenzangu walikuwa wanaimba kwa nguvu, sikusikika, na alikuwa keshaniacha, amekimbia kwenye sinia la vitumbua.